MAMBO YA NYUMBANI: Kikapu Kipikacho Bila Moto

Masika yaingiapo katika nchi ya Pwani, kazi ya shamba haimngoji mtu. Kuanzia Mtwapa hata Malindi, na ndani hata Ganze na Bamba, mama wa nyumba hushika jembe kabla jua halijapanda, naye hurudi adhuhuri amechoka, na watoto wamekwisha kuona njaa. Mijini nako hali ni ile ile kwa namna nyingine, maana mara nyingi mume na mke wote wawili hutoka asubuhi kwenda afisini, skuli au dukani. Basi chakula cha siku kama hizo huwa ni kile kilicho chepesi kupika: chai na mkate, au sima na mchuzi wa maji matupu. Maharagwe, kunde, pojo na mbaazi, ambavyo ni chakula bora cha kujenga mwili, hubaki guniani kwa kuwa vyachelewa kuiva.

Wako wanaofanya shauri jingine. Hutia maharagwe chunguni, wakakiinjika juu ya mafiga, wakasukuma kuni, kisha wakamwachia mtoto mdogo kazi ya kuangalia moto. Shauri hilo ni la hatari kubwa. Jiko la Pwani mara nyingi ni kibanda cha makuti, na makuti makavu yakiingiwa na cheche hayampi mtu nafasi ya kuteka maji. Tena mtoto apindukiwapo na chungu kinachochemka, huenda akachukua kovu lake maisha yake yote. Hakuna chakula chenye thamani hiyo.

Dawa ya mambo haya ni rahisi, nayo ni kikapu kipikacho bila moto. Maana yake ni hii: chakula hakiivishwi na miali ya moto, bali huivishwa na joto. Maji yakisha kuchemka, kuni nyingi zinazoendelea kuwaka chini ya chungu hufanya kazi ya kurudisha joto linalopotea hewani tu. Likizuiwa joto hilo lisitoke, chakula kitaendelea kuiva chenyewe.

Upishi wa namna hii si mgeni Pwani. Bibi apikapo wali hupunguza moto chini, akapalia makaa juu ya kifuniko, akauacha uive taratibu. Hata huko Ulaya jambo hili lajulikana tangu zamani. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, Mnorwe mmoja, Johan Sørensen, alionyesha sanduku lililozungushiwa vitu vya kuzuia joto, ambalo chakula kiliivia ndani yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walihimizwa kutumia masanduku ya majani makavu ili kuokoa makaa ya mawe na gesi. Marekani nako, Irving Naxon alipata hataza mwaka 1940 ya chungu cha umeme kipikacho pole pole. Lakini chungu cha umeme chataka umeme, na kikapu hakitaki kitu.

Kukitengeneza ni kazi ya siku moja. Na kitafutwe kikapu kikubwa cha miyaa, kipana kuliko sufuria kwa sentimita 10 kila upande. Chini na kandoni kijazwe sufi kavu, au vipande vya blanketi kuukuu, au majani makavu yaliyoshindiliwa vema, kisha kishonewe kitambaa ndani ili takataka zisiingie chakulani. Mwisho ushonwe mto mnene wa sufi wa kufunika juu, usioacha upenyo hata mmoja. Sufuria iwe fupi, yenye kifuniko kinachoshika sawasawa, nayo ijae angalau theluthi mbili, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi.

Tuseme ni siku ya maharagwe. Jioni yake yalowekwe katika maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yatiwe mengine safi, na sufuria ichemke kwa nguvu kwa nusu saa nzima. Kisha, ingali ikitokota, iingizwe kikapuni mara moja na kufunikwa kwa mto. Wala isifunuliwe kwa kuchungulia, maana kila ifunuliwapo joto hutoroka. Baada ya saa nne au tano mama arudipo, airudishe motoni ichemke tena, ndipo atie kitunguu, nyanya na tui zito la nazi. Tui lisiingie kikapuni tangu asubuhi, kwa kuwa huharibika upesi. Na maji yawe machache kuliko desturi, maana kikapuni hayakauki.

Pojo zilizolowekwa hutaka kuchemshwa robo saa tu, na saa mbili za kikapu. Wali huchemshwa dakika tano na kuachwa kikapuni kwa muda wa saa moja. Mbaazi hufuata njia ya maharagwe. Mboga za majani kama mchicha na mnavu zisitiwe kikapuni kamwe. Hizo zipikwe upesi wakati wa kula, kwa sababu joto la muda mrefu huua vitamini. Akamue na ndimu juu ya chakula, au watoto wale embe baadaye, kwani vitu hivyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Tena mwenye kikapu hana haja ya magadi ya kulainishia, na hiyo ni faida, maana magadi huharibu vitamini mojawapo iliyo muhimu.

Lakini yako mambo matatu ambayo asiyeyashika heri asikitumie kikapu. La kwanza, maharagwe mekundu mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuhara, na joto lisilofikia kuchemka haliiondoi. Hiyo ndiyo sababu ya ile nusu saa ya kuchemsha kwa nguvu, wala isipunguzwe kwa kuona kuni chache. La pili, muhogo mchungu na kisamvu si vyakula vya kikapu. Muhogo huo humenywa, hukatwa na kulowekwa, kisha huchemshwa katika chungu kilicho wazi, na maji yake humwagwa, ili sumu yake itoke. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa wazi vivyo hivyo. La tatu, chakula kisilale kikapuni usiku kucha. Kikisha kuwa vuguvugu, vijidudu huzaliana ndani yake, na sumu za baadhi yao haziondoki hata kikichemshwa tena. Kipimo chake ni rahisi: sufuria itokapo kikapuni ikiwa yashikika kwa mkono mtupu bila kuunguza, joto lilipotea mapema, na chakula hicho si cha kuaminiwa, hasa kikiwa na nyama.

Baadhi ya waume husema kwamba chakula kisichokaa motoni mchana kutwa hakijaiva. Neno hilo halishindwi kwa ubishi, hushindwa kwa sahani. Tena mume huyo na ahesabu mwenyewe mafungu ya kuni au madebe ya makaa yanunuliwayo kwa mwezi, akumbuke na moshi ambao mkewe na mtoto aliye mgongoni huuvuta kila siku. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, hauongezeki kwa kadiri watu waongezekavyo.

Basi mwenye kutaka kujaribu na aanze na pojo, siku ambayo yuko nyumbani na hana haraka, apate kukijua kikapu chake na muda wake. Akisha kukiamini, ndipo akiachie chakula aende zake shambani, na moto auzime kabisa kabla hajatoka.