Menyu Inapoficha Sheria: Viza za Wanandoa wa Pasipoti Mbili

Wengi wenu mnajua mimi ni Mkenya na mke wangu ni Mjerumani, kwa hiyo kila mara napata barua pepe yenye swali lilelile: ndugu, nyinyi husafiri vipi pamoja? Jibu fupi ni kwamba hatusafiri pamoja. Yeye husafiri, mimi huomba. Leo nataka kutoa jibu refu, kwa sababu kuna jambo moja linalowagharimu watu pesa na muda bure, na chanzo chake si sheria. Ni programu. Na kwa kuwa programu ndizo zinazonilisha, naruhusiwa kulalamika :-)

Tuanze na sheria. Umoja wa Ulaya una Agizo namba 2004/38 la mwaka 2004. Kwa maneno yangu, linasema hivi: raia wa nchi mwanachama akienda nchi nyingine mwanachama ambayo si yake, mume au mke wake anayehitaji viza apewe bila malipo, haraka iwezekanavyo na kwa utaratibu wa mkato. Hii si fadhila ya afisa aliyeamka vizuri. Ni haki, na imo katika ibara ya 5.

Linganisha na mwombaji wa kawaida. Viza ya Schengen ilipanda hadi yuro 90 tarehe 11 Juni 2024 (ilikuwa 80 tangu Februari 2020), na ukinyimwa hurudishiwi hata senti. Utadaiwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, hoteli, bima. Kwa mwenzi wa raia wa Ulaya, ubalozi una maswali matatu ya msingi. Huyo raia wa Ulaya yupo? Nyinyi ni mume na mke kweli? Mnasafiri pamoja, au unamfuata huko? Basi. Hata fomu yenyewe ya Schengen inalijua jambo hili. Tazama vile vinyota vidogo kando ya visanduku vya kazi, mwajiri, mwenyeji na nani atagharimia safari. Maana yake ni kwamba mwanafamilia wa raia wa Ulaya anayesafiri kwa haki hii havijazi. Maelezo yameandikwa kwa herufi za saizi ya sisimizi, lakini yapo.

Mimi ningeiandika hivi:

kama (mwenzi == raia_wa_ulaya) na (nchi_ya_safari != nchi_ya_mwenzi):
    ada = 0
    foleni = "haraka"
vinginevyo:
    ada = 90
    foleni = "kawaida"

Mistari sita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tazama inavyokuwa kwenye skrini. Balozi nyingi siku hizi hazipokei maombi zenyewe. Zimeikabidhi kazi hiyo kwa kampuni za wakala, na wakala ndiye mwenye tovuti ya kuweka miadi. Mwaka jana mama mkwe, ambaye amehamia nchi moja ya kusini mwa Ulaya tangu astaafu, alifanyiwa upasuaji wa ghafla. Mke wangu alikata tiketi jioni ileile na kesho yake alikuwa kando ya kitanda. Mimi nikafungua tovuti ya wakala. Menyu ilikuwa na utalii, biashara, masomo, matibabu, kutembelea jamaa. Mwenzi wa raia wa Ulaya hayumo. Nikajaribu kutembelea jamaa, na kalenda ikaonyesha nafasi ya kwanza wiki tano mbele. Ada ikajijaza yenyewe: 90, na gharama ya huduma juu yake. Bila kulipa huendi ukurasa unaofuata. Sheria inasema sifuri, skrini inasema tisini, na kitufe hakibishani na mtu.

Sikulipa. Niliandika barua pepe moja kwa moja kwa ubalozi, aya tatu tu: mke wangu ni raia wa wapi, tulioana lini, na kwamba naomba miadi chini ya ibara ya 5 ya Agizo 2004/38. Nikaambatisha cheti cha ndoa, kurasa za pasipoti zote mbili na tiketi yake. Mwongozo ambao Kamisheni ya Ulaya imewaandikia maafisa wa viza unasema wazi kwamba wanafamilia hawa hawawezi kulazimishwa kupitia wakala anayetoza pesa. Wana haki ya kupeleka ombi ubalozini. Nilijibiwa siku ya pili, na viza ikatoka wiki hiyohiyo. Afisa alikuwa muungwana kabisa, na sheria aliijua vizuri. Tovuti ndiyo haikuijua.

Hilo ndilo linaloniuma. Aliyeitengeneza ile menyu sidhani alikusudia kumnyima mtu haki. Pengine alipewa orodha ya aina za viza kwenye faili la Excel, akaipanga, akaenda zake nyumbani. Lakini kwa mtu aliyeketi saiba pale Likoni, akijaziwa fomu na kijana wa saiba kwa shilingi mia mbili, menyu ndiyo sheria yote. Hatakwenda kusoma gazeti rasmi la Umoja wa Ulaya. Atachagua utalii, atalipa, atasubiri wiki tano, na hatajua kamwe kwamba hakustahili kulipa. Sisi watunzi wa programu tunatunga sheria kila siku bila kupigiwa kura na mtu yeyote.

Kuna watakaosema chaguo hilo likiwekwa, ndoa za bandia zitafurika. Hoja hii naisikia sana na hainishawishi. Agizo lenyewe linaruhusu nchi kukataa pale penye udanganyifu. Tena tapeli ndiye anayeisoma sheria kuliko sote, hahitaji menyu. Anayekwama ni mwalimu wa Kakamega aliyeolewa na Mfaransa.

Wala si kwamba fomu haiwezi kufundishwa ndoa. Ile ya Marekani, DS-160, inachosha: ukikaa dakika 20 bila kugusa kitu inakutupa nje, na picha lazima iwe mraba wa pikseli 600 hadi 1200 isiyozidi kilobaiti 240. Hata hivyo, ukishatuma ombi lako inakupa kiungo cha kuanzisha la mwanafamilia, na baadhi ya majibu yanahamia huko yenyewe. Kila mmoja bado huamuliwa peke yake, lakini angalau kuna mtu aliyekumbuka kwamba watu husafiri wawili wawili.

Haki hii ina mipaka yake. Haihusu nchi ya mwenzi wako mwenyewe. Kisheria, kwenda Ureno na mke wangu ni rahisi kuliko kwenda kwao Ujerumani, maana huko zinatawala kanuni za Ujerumani. Wanaookoka ni wale walioishi pamoja katika nchi nyingine ya Umoja kisha wakarudi. Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 1992 katika kesi ya Surinder Singh, Mhindi aliyemwoa Mwingereza wakafanya kazi Ujerumani. Uingereza yenyewe imeshajitoa, na Aprili 2024 ilipandisha kipato kinachodaiwa ili kumleta mwenzi kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka.

Na kama wewe ni Mkenya na mwenzako ni Mganda? Busia mnavuka kwa kitambulisho tu, lakini mkiomba Schengen nyinyi ni faili mbili, na hakuna kanuni inayosema zitoke na jibu moja. Kwenu sina njia ya mkato. Ombeni siku moja, na kila faili iwe na cheti cha ndoa na barua moja ya maelezo mliyotia sahihi nyote wawili.

Nasi Wakenya tusijifanye malaika. Kabla ya Katiba ya 2010, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kusajiliwa kuwa raia, ila mume wa kigeni wa mwanamke Mkenya hakuwa nayo. Ibara ya 15 sasa inampa haki hiyo yeyote aliyetimiza miaka saba ya ndoa. Ujerumani nayo imeruhusu uraia pacha tangu tarehe 27 Juni 2024. Mke wangu anatimiza miaka saba mwezi Novemba. Nimeshaanza kuichungulia fomu, nione menyu yake ikoje.