Ekari 10 bila mwenzi si kitu

Of Mice and Men, novela ya John Steinbeck iliyotoka mwaka 1937, ina sura 6 na matukio yake yote yanatokea kati ya jioni ya Alhamisi na jioni ya Jumapili. Vibarua wawili, George Milton na Lennie Small, wanafika kwenye shamba kubwa la nafaka karibu na mji wa Soledad, California, kubeba magunia ya shayiri. George ni mdogo wa umbo na mkali wa akili. Lennie ni pande la mtu mwenye akili ya mtoto, anayependa kupapasa kila kilicho laini. Wamekimbia mji wa Weed baada ya Lennie kushika gauni la msichana na kushindwa kuliachia. Wanachotafuta ni fedha za kununua shamba lao wenyewe la ekari 10. Jumapili inapoisha, Lennie amemuua bila kukusudia mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba, na George amempiga Lennie risasi ya kisogoni kando ya mto.

Mara nyingi kitabu hiki husomwa kama kisa cha ndoto iliyokuwa batili tangu siku ya kwanza. Usomaji huo una ushahidi wake, kuanzia kwenye jina la kitabu, ambalo Steinbeck alilitoa katika shairi la mwaka 1785 la Robert Burns wa Uskochi kuhusu panya aliyebomolewa kiota na plau. Lakini hesabu iliyomo ndani ya novela inapinga. Shamba lile lilikuwa linakaribia kununulika, na kilichokosekana mwishoni kilikuwa mtu wa kuishi naye.

Steinbeck aliwajua watu aliowaandika. Alizaliwa Salinas mwaka 1902, na ujanani alifanya kazi katika mashamba ya viazisukari ya kampuni ya Spreckels, akila na kulala na vibarua. Wengi wao walikuwa wanaume wasio na wake wala watoto, waliotembea na blanketi begani kutoka mavuno hadi mavuno. Kundi hili ni la zamani kuliko familia zilizokimbia ukame na vumbi la Oklahoma na majimbo ya jirani, ambazo Steinbeck aliziandikia makala katika gazeti la San Francisco News mwaka 1936 na kisha riwaya ya The Grapes of Wrath mwaka 1939. Wakati novela inatoka, mashine za kuvunia zilikuwa tayari zinawapokonya vibarua wa aina ya George kazi yao. Mdororo Mkuu ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeongeza shida: mwaka 1933 karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri iliwaacha nje vibarua wa mashambani, na sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka huohuo nayo ikawaacha.

Kazi ya namna hiyo huzalisha upweke kama inavyozalisha nafaka. Katika novela, kibarua hutumwa na wakala wa ajira akiwa na kadi mkononi, hupewa kitanda katika bweni na sanduku la tufaha la kuwekea vitu vyake, hulipwa dola 50 kwa mwezi pamoja na chakula, kisha huondoka. Hakai mahali muda wa kutosha kumjua jirani wa kitandani. Mwenye shamba anapoona George anamsemea Lennie, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba George anamlia mwenzake mshahara, kwa kuwa hajawahi kuona mtu akijisumbua hivyo kwa ajili ya mtu mwingine. Hata Slim, dereva wa nyumbu anayeheshimiwa na wote, anashangaa kuona wawili wakisafiri pamoja. Mshahara huishia Soledad Jumamosi usiku, kwenye pombe na madanguro. George anapokaa bwenini hucheza karata peke yake.

Steinbeck anawapanga wapweke wake kwa namna kila mmoja anavyotengwa. Candy, mzee mfagizi, alipoteza mkono kwenye shamba hilohilo na anajua kwamba siku akishindwa kushika ufagio atafukuzwa. Rafiki yake ni mbwa mzee, ambaye kibarua aitwaye Carlson anamtoa nje na kumpiga risasi kwa bastola aina ya Luger kwa sababu ananuka na hana faida tena. Wanaume waliobaki bwenini wanakaa kimya wakisubiri mlio, na hakuna aliye tayari kumtetea mbwa wala mwenye mbwa.

Crooks ndiye Mweusi pekee shambani. Analala zizini, katika chumba cha hatamu na matandiko ya farasi, na haruhusiwi kuingia bwenini. Ana vitabu, ikiwemo nakala iliyochakaa ya sheria za madai za California ya mwaka 1905, yaani anazijua haki ambazo hakuna anayempa. Amezaliwa California, na baba yake alikuwa na shamba la kuku la ekari kama 10. Kwa hiyo ardhi ambayo George na Lennie wanaiota, familia ya Crooks iliwahi kuwa nayo, na haikumwokoa mtoto wake na kutengwa. Anaposikia mpango wa shamba anaucheka, kisha anaomba kujiunga hata kwa kazi ya bure. Mke wa Curley anapomkumbusha kwamba kwa neno lake moja anaweza kunyongwa mtini, Crooks anaondoa ombi lake.

Mwanamke huyo mwenyewe hana jina katika kitabu kizima. Ndiye mwanamke pekee tunayemwona shambani, na wanaume wanamwita balaa kabla hajafanya lolote. Kwa Lennie, muda mfupi kabla ya kufa, anasimulia kwamba mtu mmoja aliahidi kumwandikia barua kutoka Hollywood ili awe mwigizaji. Barua haikufika, akaolewa na Curley. Anayemfungulia moyo ni mtu asiyeweza kumwelewa, kwa sababu shambani hakuna mwingine anayekubali kumsikiliza. Upweke wa mwanamke huyo ndani ya ndoa, ubaguzi unaomzunguka Crooks na uzee wa Candy vina chanzo kimoja: shamba linamthamini mtu kwa kazi yake au kwa mume wake, na haliachi nafasi ya uhusiano mwingine.

Dhidi ya hali hiyo Steinbeck ameweka urafiki mmoja, na hakuutakasa. George analalamika kwamba bila Lennie angekuwa huru. Anamsimulia Slim jinsi alivyokuwa akimfanyia Lennie mzaha, hadi siku alipomwambia arukie mto Sacramento. Lennie alirukia ingawa hakujua kuogelea, akanusurika kuzama, kisha akamshukuru George kwa kumwokoa. Tangu siku hiyo mzaha ulikoma. Kumchukua Lennie baada ya kifo cha Clara, shangazi yake Lennie aliyemlea, kuligeuka kuwa mazoea, na mazoea yakawa upendo ambao George haujui jina. Kisa cha ekari 10, za nyumba ndogo, kuku, alfafa na sungura wa Lennie, kinasimuliwa na wawili: George anaanza, Lennie anamalizia, maana anakijua kwa moyo.

Kwa muda mrefu kisa hicho ni cha kubembelezea tu. Kinageuka mpango siku Candy anapokisikia. Bei ya shamba ni dola 600. George na Lennie wana dola 10. Candy ana dola 250 alizolipwa kwa mkono wake na dola 50 za akiba, na atapokea 50 nyingine mwisho wa mwezi. George na Lennie wakifanya kazi mwezi mmoja bila kutumia senti, wataongeza 100. Mbali na zile 10, jumla ni 450, na wenye shamba ni wazee walioishiwa ambao wangeweza kukubali malipo ya awali. George, aliyekuwa haamini, anashtuka kuona inawezekana. Fidia ya mkono uliokatwa ndiyo mtaji mkubwa wa ndoto, na fedha zote zinatoka kwenye miili ya watu watatu walioamua kuaminiana.

Mwisho wa novela unapaswa kusomwa pamoja na hesabu hiyo. Curley anamsaka Lennie kwa bunduki, akitaka kumpiga tumboni ili afe kwa maumivu. Kilichobaki nje ya hapo ni seli au hospitali ya vichaa, na Slim anasema wazi kwamba kumfunga Lennie kama mnyama si jambo jema. George anachukua Luger ileile ya Carlson, anamsimulia Lennie kisa cha shamba, na anafyatua. Candy alikuwa amejuta kumwachia mwingine kazi ya kumuua mbwa wake, na George anafuata funzo hilo. Hapa kitabu kinahitaji msomaji mwangalifu. Ulinganisho wa Lennie na mbwa unaeleza huruma ya George, lakini pia unaonyesha jamii isiyokuwa na mahali pa mtu mwenye ulemavu wa akili isipokuwa kazini, kifungoni au kaburini. Kumsifu George bila kuilaumu jamii hiyo ni kusoma nusu ya hadithi.

Nusu ya pili imo kwenye mazungumzo mafupi kando ya maiti ya mke wa Curley, kabla Lennie hajafa. Candy anauliza kama yeye na George bado wanaweza kulinunua shamba. Fedha za Candy zipo palepale na wenye shamba hawajahama. George anakataa: atafanya kazi mwezi wake, achukue dola 50, aende kuzimaliza mjini kama vibarua wengine wote. Kama ndoto ingekuwa ardhi, ingeendelea bila Lennie. Imekufa kwa sababu ardhi ilikuwa njia tu ya kumweka rafiki mahali ambapo hakuna wa kumfukuza.

Ndiyo maana tiba ya upweke katika kitabu hiki haiwezi kuwa mshahara mkubwa peke yake, wala hati ya shamba peke yake. Baba yake Crooks alikuwa na ardhi, Curley ana mali, na wote wawili wanaonyesha kasoro ya jibu hilo. Kazi inayomhamisha mtu kila mwezi, sheria zisizomtambua na ubaguzi unaomlaza zizini ndivyo vinavyomnyima mwenzi, na mtu akishanyimwa mwenzi, ekari 10 hazina wa kuzilima.