Diski ya ramani ya Japani yageuka ufunguo wa gari Mombasa

GARI lililotumika linapotoka Bandari ya Mombasa na kuegeshwa mbele ya Ngome ya Yesu, si ajabu skrini yake kuonyesha maandishi ya Kijapani ambayo dereva hawezi kuyasoma. Mara nyingi maana yake ni moja: mtambo wa kuelekeza njia unadai diski ya ramani. Diski hiyo ikikosekana, redio hunyamaza, na katika baadhi ya magari hata kamera ya nyuma haionyeshi kitu.

Ramani yenyewe haina faida hapa. Inazijua Tokyo na Osaka. Haiijui Ndia Kuu wala Barabara ya Nkrumah. Dereva anayetafuta njia Mombasa hutumia simu yake. Kwa nini basi mwenye gari ahangaikie diski asiyoihitaji?

Jibu limo katika historia ya mitambo hiyo. Japani ilitangulia katika fani hii: Honda ilitoa mtambo wake wa kwanza mwaka 1981, na kufikia 1987 Toyota ilikuwa ikitumia diski za CD. Baadaye zikaja DVD, kisha diski ngumu na kadi za kumbukumbu. Katika mitambo mingi ya DVD, programu inayoendesha skrini iliwekwa katika diski ile ile yenye ramani. Ikishapakiwa, mtambo huikumbuka maadamu betri imeunganishwa. Betri ikifa au ikitolewa, kumbukumbu hufutika na diski hutakiwa upya.

Hapo ndipo mnunuzi wa Kenya anaponaswa. Gari husafiri baharini kwa wiki kadhaa, na betri hudhoofika au hubadilishwa. Diski nayo huenda ilitolewa kabla ya safari, au ikapotea mikononi mwa watu wengi wanaolishughulikia gari kabla halijamfikia mwenyewe. Hata ikifika salama, vumbi, joto na mikwaruzo huifupisha umri.

Kwa hiyo nakala ya akiba si anasa. Wanamaji wa Bahari ya Hindi walinakili rahmani, vitabu vyao vya njia za bahari, kwa mkono, maana kilichoandikwa mara moja huweza kupotea mara moja. Hata hivyo, kunakili diski ya gari kuna masharti yake. DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ilhali ya matabaka mawili hubeba 8.5, diski asilia ikiwa ya matabaka mawili, nakala haitatosha katika diski ya kawaida. Kadi ni ngumu zaidi, kwani baadhi hufungwa kwa namba ya pekee ya kadi yenyewe, na nakala yake hukataliwa hata ikiwa kamili.

Sheria nayo haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamruhusu mtu aliye na programu ya kompyuta kihalali kujitengenezea nakala ya akiba, ambayo yapasa kuharibiwa uhalali huo unapokoma. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kinga za kiufundi zilizowekwa na mwenye haki. Anayenakili diski iliyokuja na gari lake yuko mahali tofauti kabisa na anayechoma diski mia moja na kuziuza mtaani.

Anayebaki bila kimbilio ni yule aliyelipokea gari bila diski. Hana cha kunakili, na hiari yake ni kununua nakala yenye shaka au kung'oa redio nzima na kuweka nyingine. Gharama hiyo humwangukia yeye, ingawa kosa si lake.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Muuzaji anayekabidhi gari lenye skrini iliyofungwa bila kusema lolote anaikiuka haki hiyo. Dawa si ghali: diski itajwe katika hati za mauzo, ikaguliwe kabla ya malipo ya mwisho, na inakiliwe siku ya kwanza, kabla fundi hajaigusa betri. Baada ya hapo, majuto ni mjukuu.