Trekta jipya linunuliwe Agosti, si Novemba

Mahindi ya Haut-Katanga hupandwa mvua zinapokamata ardhi, kuanzia Novemba, na mtu aliyehangaika miaka kadhaa kutafuta fedha za trekta hupata kishawishi cha kulileta Likasi wiki hizohizo, shamba likiwa tayari linamngoja. Nadhani hilo ni kosa, na sababu yake imo katika kitabu kinachokuja na mashine. Watengenezaji wengi huagiza oili ya kwanza ya injini imwagwe pamoja na filta yake baada ya saa 50 hivi za kazi. Baadaye nafasi hurefuka. Kwa mashine nyingi hufika saa 250 au zaidi. Sasa tupige hesabu: dereva anayelima saa kumi kwa siku anazimaliza saa 50 kwa siku tano. Kwa hiyo huduma ambayo trekta haliwezi kuirudia tena maishani inaangukia wiki ambayo mwenye trekta hayuko tayari kulisimamisha hata nusu siku. Udongo umelowa sawasawa, majirani wameshalipa wapate kulimiwa, na kila siku inayopita inapunguza mavuno. Huduma inasogezwa mpaka jembe litue, na saa 50 zinageuka 200.

Kuna wanaosema oili ya kwanza bado ni safi, kwa nini kuitupa? Ukivuta kijiti cha kupimia unaweza kuiona inang'aa kweli, lakini rangi haielezi kila kitu. Katika injini mpya, ringi za pistoni na kuta za silinda bado zinasuguana zipate kukaana, na gia nazo vivyo hivyo. Msuguano huo hutoa chembe za chuma ndogo mno, na filta haizinasi zote. Zinazobaki huzunguka na oili na kupita kwenye beringi kila dakika mashine inapofanya kazi. Hasara yake haionekani mwaka huo. Inakuja kuonekana miaka mingi baadaye, injini inapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na hapo hakuna anayekumbuka kwamba chanzo kilikuwa msimu wa kwanza. Ndiyo maana uzembe huu haujengi funzo lolote: adhabu imetengana mno na kosa.

Trekta likinunuliwa Agosti, saa hizo 50 zinafanyika kiangazi, na kazi ipo. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba fedha zitalala miezi mitatu bila faida. Lakini kiangazi ndicho wakati barabara za kuelekea Kambove na vijiji vyake zinapopitika. Kuna mahindi ya msimu uliopita ya kuleta sokoni, kuna mchanga, matofali na kuni. Trela lenye mzigo wa wastani ndilo linaloifaa injini changa: mzigo unaobadilika, mwendo unaobadilika, bila kuikaba. Kuiacha ingurume bure kwa muda mrefu kunaiumiza, kwa sababu ringi hazipati shinikizo la kutosha kukaa vizuri. Plau nzito katika udongo mgumu nayo inaiumiza kwa njia yake. Trela la matofali liko katikati, tena linalipa.

Huduma yenyewe haihitaji garaji. Inahitaji sakafu tambarare, beseni pana, spana za saizi sahihi, oili ya daraja lililoandikwa kitabuni na filta halisi. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya saa chache za mwanzo, kisha ziangaliwe mara kwa mara mpaka zitulie, maana gurudumu jipya hulegea. Mkanda wa feni hurefuka siku za kwanza na lazima ukazwe. Chombo cha kutenganisha maji na mazutu kimwagwe, hasa pale mazutu yanaponunuliwa kwa bidoni. Na vumbi jekundu la kiangazi chetu linataka filta ya hewa itazamwe kila siku. Ila isipigwe ukutani wala kupulizwa kwa kompresa kali, kwa sababu karatasi ikitoboka vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Wengine wataogopa kupoteza garantii. Hofu hiyo ina msingi, kwani muuzaji anaweza kudai kwamba kazi haikufanywa na fundi wake. Lakini Lubumbashi iko umbali wa kilomita 120 hivi, na kulibeba trekta juu ya lori kwenda na kurudi kwa ajili ya oili ni gharama inayomfanya mtu aghairi kabisa. Garantii iliyohifadhiwa kwa huduma isiyofanyika ina faida gani? Jambo hili limalizwe siku ya kununua, kwa maandishi: huduma ya saa 50 itafanywa nyumbani, risiti za oili na filta zitatunzwa, saa za mashine na tarehe zitaandikwa kwenye daftari. Marekebisho ya ndani ya injini yabaki kwa muuzaji.

Na asiseme mtu kwamba Likasi haina mikono ya kazi hii. Mji huu ulikuzwa na karakana kuu za Panda, za kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye Gécamines, ambako ratiba ya matengenezo ilikuwa sehemu ya kazi. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines walianza kuondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na ujuzi wao haukubaki getini. Anayeogopa kufungua boliti ya oili kwa mara ya kwanza anaweza kumlipa mzee wa namna hiyo asubuhi moja asimame kando yake. Oili chafu iingie kwenye bidoni lenye kifuniko. Mto Panda umeshabeba taka za kutosha za viwanda.

Jimbo hili bado linategemea mno unga wa Zambia. Februari 2024 ukame uliifanya Lusaka itangaze janga la kitaifa, na meza za huku zikalihisi. Serikali ya jimbo na wauzaji wa matrekta wanaweza kuanza na jambo dogo msimu huu: kila trekta linalouzwa litoke dukani na oili na filta za huduma ya kwanza zikiwa ndani ya bei, na kitabu chake kiwe kwa lugha ambayo dereva anaisoma.