Tovuti za Serikali na Sitara ya Asiyeona

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zetu katika imani, kanuni za Uingereza za mwaka 2018 zinazitaka idara za serikali ziweke tamko katika tovuti zao: sehemu gani mtu mwenye ulemavu hawezi kuitumia, kwa sababu gani, amwandikie nani, na ashitaki wapi asiporidhika na jibu. Yaani idara inalazimika kukiri upungufu wake mbele ya watu.

Jambo hili si dogo. Asiyeona leo anayo simu inayomsomea maandishi kwa sauti. Lakini idara ikiipiga picha fomu ya karatasi na kuiweka hivyo hivyo, mara nyingi simu hushindwa kuisoma sawasawa. Basi humwita jirani amsomee, na hapo siri ya maradhi yake, pensheni yake au mirathi yake imeshatoka nje. Dini yetu imeamrisha kusitiriana. Vipi tumlazimishe mtu kujifunua ili apate haki yake?

Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja habari na mawasiliano pamoja na majengo na barabara. Kwa hiyo ngazi ya ofisi na tovuti yake hukumu yake ni moja.

Hata hivyo, tamko peke yake halitoshi. Kuandika "tutarekebisha" ni ahadi, na kuvunja ahadi tunajua ni alama ya nani.

Tumkumbuke Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), swahaba asiyeona aliyeshukiwa na Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) hakumpa huruma tu, alimfanya muadhini, na akamwachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Basi idara zetu ziwaajiri wenye ulemavu, na wao wawe wa mwanzo kuzijaribu tovuti hizo.

Nasi wa misikiti na madrasa tujiulize: kiziwi wetu anaielewa vipi khutba ya Ijumaa? Tuanze na nafsi zetu.

Wallahu a'lam.