Mate yashinda kitambaa kamera ikiingia majini

Bila shaka, msomaji, umewahi kuwaona vijana wakishuka kwenye matatu jioni ya Jumapili, nywele bado mbichi, viatu mkononi na sauti zimewakauka kwa kupiga mayowe. Ukiwauliza watakwambia wametoka Sagana, kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, walikokuwa wakiteremka Mto Tana kwa mashua ya mpira. Na siku hizi hakosi mmoja wao mwenye kamera ndogo inayotoshea kiganjani, iliyofungwa juu ya kofia ngumu ili kunasa kila kitu.

Mpwa wangu alikuwa miongoni mwao likizo ya Aprili. Rafiki yake ndiye aliyevaa kamera. Waliporudi tuliiunganisha na televisheni, chai ikamiminwa, tukakaa kitako kutazama. Dakika za mwanzo zilikuwa safi ajabu, hata ungeweza kuhesabu majani ya miti ukingoni. Kisha mashua ikaingia kwenye mkondo mkali wa kwanza, maji yakaruka, na tone moja nene likaketi katikati ya lenzi. Halikuondoka tena. Tulisikia nahodha akiamrisha. Tukasikia mtu akitumbukia, kisha jina la mpwa wangu likiitwa mara tatu. Dada yangu aliweka kikombe chini. Alitaka kuona bintiye alivyoopolewa, na ni nani aliyemshika mkono. Kilichoonekana ni rangi ya machungwa ya jaketi ya kuelea, ikiyeyuka nyuma ya tone la maji.

"Lakini Mjomba, alikuwa akiifuta kila mara," mpwa wangu akamtetea rafiki yake.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Chukua bilauri iliyooshwa vizuri kwa sabuni, uimwagie maji. Utaona maji yakitandaa kama karatasi nyembamba. Sasa ipake alama ya kidole chenye mafuta, umwage tena. Mahali pale maji yatajikusanya yawe matone. Maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, na yakikuta mafuta hayana pa kushika, kwa hivyo hujikunja. Kijana aliyejipaka mafuta ya kuzuia jua asubuhi, kisha akawa anaifuta lenzi kwa kidole kila baada ya mkondo, anaipaka mafuta mara kumi kwa siku. Kila akifuta anaandaa makao mapya ya matone.

Na tone kwenye kamera hizi si jambo dogo. Lenzi yake ni ndogo na huona upana mkubwa mno, hivyo kitu chochote kilicho juu ya kioo nayo hukiona. Tone lenyewe ni lenzi nyingine, limebinuka na linapinda mwanga wote unaopita. Tatizo hili lilizaliwa pamoja na chombo. Nick Woodman, mwanzilishi wa GoPro, alikuwa mtelezaji mawimbi aliyetaka kamera ya kufunga mkononi akiwa baharini, na ile ya kwanza aliyoiuza mwaka 2004 ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35.

Basi kuna njia mbili, na zinapingana. Ya kwanza ni kuyafanya maji yatandae. Ya pili ni kuyafukuza yasishike kabisa. Wengi huchanganya zote mbili kwenye kioo kimoja, kisha wanashangaa.

Kwa mtoni mimi nashikilia ya kwanza, na dawa yake haiuzwi dukani. Ni mate. Usicheke. Wapiga picha wa mawimbi hulamba vioo vya kamera zao, na wazamiaji hutemea mate ndani ya miwani yao kabla ya kuzama. Mate yana ute unaoshika kioo na kuyavuta maji, kwa hivyo badala ya matone unapata utando mwembamba usioonekana kwenye picha. Nyumbani, kabla ya safari, osha kioo cha mbele kwa tone la sabuni ya vyombo na maji safi, ukisuuze hadi sabuni iishe. Usikiguse tena kwa kidole. Mkifika mtoni, lamba kioo chote, kiache kidogo, kisha kichovye majini mara moja. Baada ya hapo kisikauke. Nahodha akisema mkondo unakaribia, teka maji kwa kiganja uimwagie kamera. Utaona matone yote yanachukuliwa na utando huo.

Tahadhari mbili. Ukishaingia mtoni usilambe tena, maana sasa utakuwa unakunywa maji ya mto. Temea mate kwenye kioo. Na kama kamera ni ya kuazima, mwambie mwenyewe kabla, asije akakushtukia.

Njia ya pili inafaa mahali pengine. Nenda Diani wakati pepo za kusi au kaskazi zinavuma, uwatazame wale wanaoteleza juu ya bahari wakivutwa na tiara kubwa. Kamera yao haizami mara kwa mara. Inarushiwa manyunyu tu, na upepo ni mkali. Hapo kioo kinachofukuza maji kinashinda, kwa sababu matone huwa ya duara na upepo huyapeperusha. Baadhi ya kamera huja na kioo cha namna hiyo kutoka kiwandani. HERO10 ya mwaka 2021 ni mfano. Kwa nyingine watu hupaka dawa ya kufukuza mvua kwenye vioo vya magari. Soma maandishi ya chupa kwanza, kwani zipo zinazoharibu plastiki, na makasha mengi ya kamera ni plastiki tupu. Lakini ukipeleka kioo cha aina hii mtoni, ambako mashua husimama kwenye maji matulivu pasipo upepo, matone yatakaa pale yakikutazama.

Wako watakaokwambia, "Mimi nimefanya yote hayo na bado kuna ukungu." Huo ukungu uko ndani, na mate hayaufikii. Hutokea hasa kwa kamera za zamani zinazovishwa kasha. (HERO5 Black ya mwaka 2016 iliweza kuingia majini hadi mita 10 bila kasha.) Kamera ikifanya kazi hupata joto, na maji ya Tana, yatokayo Nyandarua na Mlima Kenya, hupoza kioo cha mbele. Unyevu uliofungiwa ndani hugeuka umande papo hapo. Funga kasha mahali pakavu, usilifungie ufukweni wala ukingoni mwa mto, na utie ndani kile kijifuko cha chembechembe kinachokuja kwenye sanduku la viatu vipya. Kile ambacho wengi wetu hukitupa.

Sasa nije kwa jambo lililonikera zaidi nilipoitazama ile picha. Katikati ya mkondo, kijana mwenye kamera aliachia kasia kwa mkono mmoja ili afute lenzi. Kasia la mashua hizi lina kichwa chenye umbo la herufi T, na nahodha huwaambia abiria kabla ya kuondoka kwamba mkono usitoke pale. Ukitoka, kichwa hicho kigumu hurukaruka na kumpiga jirani meno au jicho. Tena mashua inayohitaji nguvu za wote inabaki na kasia moja lisilo na kazi. Mzazi, mwambie mwanao hivi: picha ikiharibika iharibike, ila mkono usitoke kwenye kasia hadi nahodha aseme pumzikeni. Kwenye maji matulivu ana nafasi tele ya kutema mate.

Mkirudi, msiifute kamera kwa fulana. Maji ya Tana yana udongo, ya bahari yana chumvi na mchanga, na vyote hukwaruza kioo. Itumbukize kwenye bakuli la maji safi, milango yake ikiwa imefungwa sawasawa, kisha iache kivulini ikauke yenyewe. Mikwaruzo haina dawa ya mate.

Mpwa wangu alirudi Sagana likizo ya Agosti, kamera ikiwa kwenye kofia yake mwenyewe. Alilamba kioo mbele ya wenzake wakamcheka. Picha alizoleta zilikuwa safi kutoka mwanzo hadi mwisho, na tulizitazama mara mbili. Ila safari hiyo hakuna aliyetumbukia, kwa hivyo dada yangu hadi leo hajauona mkono uliomvuta bintiye.