Mlima Hauulizi Bei ya Nguo

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi ili nipate alama. Maana yake, hata hivyo, niliipata mwaka huu, tena si darasani bali katika milima ya Nyandarua, nikiwa nimelowa chapachapa na mwilini nina shati la mtumba la shilingi mia mbili na hamsini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa muhula wa pili, sisi wanachama wa chama cha kupanda milima tulibandikiwa orodha ya vifaa kwenye ubao wa matangazo. Ilisema kwamba yeyote anayetaka kwenda Mlima Kenya likizo ya Desemba sharti awe na jaketi jipya la baridi kutoka dukani. Neno "jipya" lilipigiwa mstari, tena kwa wino mwekundu. Nilishuka mjini Jumamosi moja kuuliza bei, nikaambiwa shilingi elfu nne na mia tano. Nilimshukuru muuzaji nikatoka mle dukani mbio kama mtu aliyekumbushwa deni. Kwetu Umoja pesa hizo ni unga, gesi na nauli ya mwezi mzima. Kufikia Ijumaa iliyofuata, wenzangu saba walikuwa wamefuta majina yao kwenye orodha ya safari. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya pesa. Mmoja alisema ana tuisheni, mwingine akasema ati mlima haumpendezi.

Maoni yangu ni kwamba orodha ile iliuliza swali lisilofaa. Iliuliza kama nguo ni mpya au ni kuukuu, badala ya kuuliza nguo imetengenezwa kwa kitu gani. Sisemi haya kwa wivu wa aliyekosa. Nimelifanyia jambo hili majaribio kama tunavyofundishwa maabarani, na hapa chini naeleza nilivyofanya na nilichokiona.

Shangazi yangu huuza sweta kule Gikomba. Nilimwendea.

"Shangazi, nataka kitu cha kupandia mlima."

"Mlima gani tena, mwanangu? Si huko shule mnasoma tu?"

"Mlima Kenya, shangazi."

Alicheka hadi jirani wa kibanda cha pili akauliza kuna nini. Kisha akainama, akachakura ndani ya robota na kutoa shati zito la rangi ya majani makavu, lenye zipu fupi shingoni na tundu la nondo kwapani. Aliliminya kwa vidole viwili, akalinusa, akanirushia. "Shika hii. Hii ni kondoo." Kibandiko cha ndani kilikuwa kimeandikwa Wolle, ambalo ni neno la Kijerumani la sufu. Shangazi hajui Kijerumani, lakini vidole vyake vinaijua sufu. Tulianza mia nne tukaishia mia mbili na hamsini, kwa makubaliano kwamba tundu nitaliziba mwenyewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa la moto. Nilivuta uzi mmoja mmoja kutoka nguo tatu: shati la sufu, sweta yangu ya shule, na hudi ya pamba ambayo vijana wengi wa mtaani huivaa. Nikaziwashia kiberiti juu ya sahani ya bati. Uzi wa sufu ulinuka kama nywele zilizoungua, ukajizima, ukabaki jivu la kupukutika. Si ajabu, kwani sufu na nywele zetu zote ni protini. Uzi wa pamba ulinuka kama karatasi na ukaendelea kuwaka. Uzi wa sweta ya shule uliyeyuka ukawa shanga ngumu nyeusi. Naam, sweta zetu nyingi za shule ni akriliki, ambayo ni ndugu ya plastiki. Jaribio hili mtu aweza kulifanya kwa uzi mfupi tu, na halidanganyi kama vibandiko vinavyoweza kudanganya. Ila fanya mbali na pazia, mamangu asije akanilaumu mimi.

Jaribio la pili lilikuwa la maji na baridi. Mwezi wa Julai, kama mjuavyo, Nairobi haicheki na mtu. Nililowesha kila nguo, nikaikamua kwa nguvu zangu zote, kisha nikaivaa ikiwa na unyevu na kusimama juu ya paa la ploti yetu saa kumi na moja alfajiri kwa dakika kumi na tano. Siku tatu, nguo tatu. Hudi ya pamba ilinishika mwilini kama ngozi ya chura, na baada ya dakika tano meno yalikuwa yakigongana. Sweta ya akriliki ilikuwa afadhali, lakini upepo ulipita ndani yake kama haupo. Shati la sufu lilikuwa zito na halikupendeza hata kidogo, lakini kifuani nilisikia joto. Mamangu alinikuta huko siku ya tatu. "Wewe mtoto unatafuta nimonia na pesa za hospitali hatuna!" Nilimweleza kwamba ni sayansi. Akaniambia sayansi iteremke ikanywe chai.

Sababu ya haya yote si uchawi. Kinachotupasha joto si nguo bali hewa iliyonaswa ndani ya nguo. Maji huuondoa joto mwilini kwa kasi inayozidi ile ya hewa zaidi ya mara ishirini. Pamba ikinywa maji hulala, nafasi za hewa zikajaa maji, nawe ukawa umevaa ndoo. Unywele wa sufu umejikunja kwa asili, kwa hiyo hata ukilowa hausinyai wote. Isitoshe, sufu yaweza kufyonza unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaisikia kuwa imelowa. Akriliki na poliesta hazinywi maji mengi ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo nazo hukauka upesi.

Jaribio la tatu lilikuwa la harufu, na hili linatuhusu sana sisi wa Eastlands ambao maji huja kwa zamu. Nilivaa sweta ya shule siku tano bila kuifua. Siku ya tatu mwenzangu wa dawati moja alihamia dirishani bila kuaga. Juma lililofuata nilivaa shati la sufu ndani ya sweta siku tano vilevile, kila usiku nikilitundika penye hewa. Mwenzangu alirudi mahali pake. Ushahidi huo unanitosha.

Lakini jaribio la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Agosti tulikwenda kujipima nguvu Elephant Hill, katika safu ya Nyandarua, kilima kinachozidi mita 3,500. Tulipanda matatu alfajiri, tukaiacha barabara kuu ya Nakuru pale Flyover, tukafika Njabini kukiwa na ukungu mzito. Msitu wa mianzi ulitupokea kwa tope la kufika vifundoni. Tulipanda tukitoka jasho kama wapagazi. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa jaketi jipya kabisa, lile la orodha, na ndani yake alikuwa na hudi ya pamba. Sote tulimwonea gere. Mimi nilivaa fulana nyembamba ya poliesta ya mpira, shati la shangazi juu yake, na koti la mvua la plastiki la shilingi mia moja na hamsini.

Tulipotoka kwenye mianzi, mvua ikashuka na upepo ukaja nayo. Tulisimama kungoja waliobaki nyuma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yule mwenzetu mwenye jaketi alianza kutetemeka. Tukamtania. Baadaye akaacha kujibu utani. Nilipomuuliza kama ana njaa, alinijibu maneno yasiyoeleweka, ulimi mzito kama wa mlevi. Mwalimu aliyetuongoza alimfungua zipu na kuingiza mkono: hudi ilikuwa imelowa tepetepe. Haikuwa mvua bali jasho lake mwenyewe lililofungiwa ndani tangu asubuhi. Jaketi lilikuwa limezuia mvua vizuri, lakini kitu cha katikati ndicho kilichokuwa kikimmaliza.

Mwalimu alimvua ile hudi palepale, akamvalisha sweta kavu ya sufu iliyokuwa kwenye mfuko wake, tukamzunguka kumkinga upepo na kumnywesha chai ya chupa. Tukageuka. Kilele hatukukiona siku ile, na sijutii. Mwili wa binadamu ukishuka chini ya nyuzi 35 huanza kupoteza akili kabla ya kupoteza uhai, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Mwenzetu alipata nafuu tulipofika kwenye mianzi, akauliza kwa nini tunateremka. Hakukumbuka ule utani. Mimi naukumbuka, na ninauonea haya.

Sasa hebu tupige hesabu ya jiografia. Tumefundishwa kwamba joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lenana, wanachopanda wasio na kamba, kiko mita 4,985. Tofauti ni kama mita 3,300, yaani nyuzi 21 hivi. Alfajiri yenye nyuzi 12 hapa Umoja yaweza kuwa nyuzi 9 chini ya sufuri kule juu. Ikiwa Elephant Hill ilitaka kutunyang'anya mtu mmoja mchana, Lenana alfajiri itafanya nini?

Kuna watakaosema kwamba namsifia shangazi yangu ili auze. La hasha. Sufu ina makosa yake na sitayaficha. Inawasha shingoni. Nondo wanaipenda kuliko mimi. Ukiifua kwa maji moto, inanywea hadi inamfaa mtoto wa chekechea. Haizuii upepo wala mvua, kwa hiyo lazima uwe na kitu cha kuikinga, hata kama ni plastiki. Ikilowa kabisa huchukua muda kukauka. Langu lilikaa kambani siku mbili. Tena simkatazi mwenye poliesta nzuri kuivaa, kwani nayo hufanya kazi. Ninayemkataa ni pamba, maana mtaani ni rafiki lakini juu mlimani ni adui.

Wengine watasema kitu kipya ni salama kuliko cha mtumba, na kwamba shule haiwezi kumkagua kila mtu nguo za ndani. Kwa swali hili nitawakumbusha habari ya Mlima Kenya wenyewe. Mwaka 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita kambini Nanyuki, akiwamo Felice Benuzzi, walitoroka ili tu waupande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Dukani hawakwenda. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo, kamba wakazipata kutoka kwenye katani za vitanda vya kambi. Wawili kati yao walifika Lenana wakasimika bendera, kisha wote wakarudi kambini wenyewe wakafungiwa. Sisemi tutoroke shule. Nasema kwamba walikijua kila kifaa chao kilitengenezwa kwa nini na kitafanya kazi gani. Huo ndio ukaguzi, na hauhitaji risiti ya duka.

Basi, kwa heshima na taadhima, nawaomba walimu wetu na viongozi wa chama mambo matatu. Kwanza, neno "jipya" lifutwe, na orodha iseme wazi: nguo ya ndani isiwe pamba, ya katikati iwe sufu au poliesta, ya nje izuie mvua na upepo, ziwe za dukani au za Gikomba. Pili, kabla ya safari kila mwanachama alete nguo zake, na tujaribu uzi kwa moto maabarani pamoja na mwalimu wa kemia. Tatu, chama kiwe na sanduku la nguo. Kila anayemaliza kidato cha nne aache sweta moja ya sufu, na kila safari ibebwe moja kavu ya ziada ndani ya mfuko wa plastiki. Ile ya mwalimu ilitutosha kwa sababu aliyezidiwa alikuwa mmoja. Wangekuwa wawili, ningekuwa naandika makala nyingine.

Na ninyi wenzangu saba mliofuta majina yenu, najua hamkuwa na tuisheni. Shangazi hufungua robota Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Nendeni mapema kabla wenye maduka hawajachagua za kamera, tafuteni kibandiko kilichoandikwa Wolle, Laine, Lana au Wool, na mkikosa kibandiko ombeni uzi mmoja wa kuwasha. Tundu dogo lisiwatishe. Langu nililiziba kwa uzi wa kijani, na kutoka Nyandarua halijafumuka. Kisha rudini mkaandike majina yenu upya, kwa kalamu safari hii, si kwa penseli.